Mwanafunzi wa Nyuma ya Jamvi

Sehemu ya Sita

Jumatano, tarehe 8 Agosti 1956, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, jiwe la mizani la chuma lenye uzito wa ratili hamsini na sita lilikuwa juu ya kichwa cha Polikarpo, na Polikarpo hakuwa na shati.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, mtu alipopiga hodi uani kwake. Sauti ilikuwa ya Mama Klementina, mama mkwe wake, ambaye kwa miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kukanyaga ua huo. Haikupasa aukanyage. Kwa desturi yao mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite.

Shati lilikuwa limeanikwa kwenye uzio, upande wa mgeni.

Polikarpo alikuwa na sekunde tano. Kulishusha jiwe taratibu kulihitaji nane, na kuliachia kungevunja mtungi wa maji. Akakimbilia chooni, jiwe likiwa juu vilevile. Aliingia amechuchumaa. Alipokuwa ndani magoti yalimkatalia, akasimama.

Paa la nyasi la choo likainuka futi moja na nusu.

Mama Klementina alikuwa ameupa ua kisogo, kama inavyotakiwa, lakini si kisogo chote.

"Dionisi," alimwambia mwanawe aliyefuatana naye, "lile paa linakwenda wapi?"

"Ni shemeji, mama. Amelivaa."

"Mwulize kama hajambo."

"Shemeji, mama anauliza hujambo?"

"Mwambie shikamoo," likajibu paa.

"Mama, paa linakuamkia."

"Marahaba. Mwulize kama yuko peke yake."

"Mama! Chooni atakuwa na nani?"

Walikuwa hatua kumi tu kutoka chooni, na kila mtu alimsikia mwenzake vizuri. Lakini neno lisilopita kwa mtu wa tatu halikuwa limesemwa.

Kwa msomaji aliyechelewa kuanza hadithi hii, Polikarpo ana miaka arobaini na miwili, na ni karani wa mizani kwenye kinu cha mpunga hapa Ifakara. Septemba ya mwaka jana gunia lilimwangukia saa sita mchana, wapagazi walipokuwa wamekwenda kula. Alikaa chini yake dakika arobaini na tano. Siku hiyo aliamua kwamba gunia halitamlalia tena.

Mwongozo wake ulikuwa ukurasa wa gazeti la Kizungu uliofungiwa vitumbua. Ulikuwa na picha sita za mtu akiinua chuma, amevaa ngozi ya chui. Polikarpo alifuata kila kitu. Chui hakumpata, akavaa ngozi ya mbuzi kwa siku kumi na mbili mpaka viroboto wakamshinda. Mengine yalifaa. Mkono wake wa juu ulikuwa na mzingo wa inchi tisa na nusu. Sasa una kumi na tatu na robo.

Hasara ilikuwa moja. Wiki tatu zilizopita mkewe, Yosefina, alitaka kutwanga akakuta kinu kimejazwa mchanga na mchi umefungwa mawe ya mizani, moja kila upande. Alipouinua, mchi ukakatika. "Chagua," alisema, "mke au mchi." Polikarpo alifikiri kidogo kabla ya kujibu, na kule kufikiri ndiko kulikomrudisha Yosefina kwa mama yake.

"Dionisi," alisema Mama Klementina, "mwambie mkwe wangu kwamba mwaka jana, kwenye maandamano ya Kupalizwa Mbinguni, niliangusha pembe yangu ya machela ya Bikira Maria."

"Hukuiangusha, mama. Uliishusha."

"Niliishusha mpaka chini. Mwambie. Na mwambie aliyemdaka Mama wa Mungu ni Balbina, yule muuza samaki. Alimdaka kwa mkono mmoja. Wa pili alikuwa anajipepea."

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie pole."

"Tangu siku hiyo Balbina anapita sokoni akisema, 'Klementina habebi machela, amejishikiza tu.' Sasa anaitaka nafasi yangu. Mama Katarina, mkuu wa chama chetu, ameamua tushindane Jumapili hii baada ya Misa. Kila mmoja atainua gunia la ratili sitini kutoka chini mpaka begani, asimame nalo mpaka ziishe Salamu Maria kumi."

Ratili sitini ilikuwa hesabu sahihi. Machela pamoja na sanamu ni ratili mia mbili arobaini, na wabebaji ni wanne. Polikarpo mwenyewe ndiye aliyeipima.

"Mwambie anifundishe," alisema Mama Klementina. "Nikishinda, Yosefina atarudi kwake Jumapili hiyohiyo. Nikishindwa, atapanda lori la Malinyi siku hiyo kwenda kwa shangazi yake. Shangazi yake ana mashamba makubwa ya mpunga na hana mtu. Akimpata Yosefina hatamwachia."

Paa lilipanda inchi mbili zaidi.

"Mwambie nakubali."

"Mama, paa limekubali."

Hivyo ndivyo Polikarpo alivyompata mwanafunzi wake wa kwanza.

Mazoezi yalianza jioni ileile kando ya mto Lumemo, nyuma ya nyumba ya Dionisi, mahali ambapo si kwa mkwe wala kwa mama mkwe. Dionisi alisimika miti miwili na kutundika jamvi katikati. Upande mmoja alisimama Mama Klementina na gunia lenye ratili thelathini za mchanga. Upande wa pili Polikarpo aliketi kwenye kigoda, mgongo kwenye jamvi, daftari magotini. Mwalimu hakuweza kumwona mwanafunzi, na Dionisi alisimama kwenye ncha ya jamvi akiwaona wote wawili.

"Mwambie apinde magoti, anyooshe mgongo."

"Mama, pinda magoti, nyoosha mgongo."

"Mwambie nimepinda tangu mwaka arobaini na saba. Kunyooka ndiko kugumu."

"Mwambie anapoinua atoe pumzi."

"Mama, toa pumzi."

"Nikiitoa nitabaki na nini?"

"Shemeji, anauliza—"

"Nimesikia. Mwambie itarudi."

Siku hiyo Mama Klementina aliinua mara nne. Alhamisi aliinua mara tatu. Dionisi alilalamika kwamba yeye ndiye anayechoka kuliko wote, kwa kuwa kila neno analisema mara mbili. Wakakubaliana kutumia debe tupu: mwanafunzi akiinua, anagonga mara moja, akichoka, anagonga mara mbili. Dionisi akabaki na kazi ya kuketi.

Ijumaa asubuhi Mama Klementina hakuweza kunyanyua mikono kufunga kitambaa kichwani. Alipotaka kuketi kitandani, mapaja yalikataa.

"Dionisi, mwambie mkwe wangu leo siji. Kesho pia siji. Mwili wote umekuwa donda."

Dionisi aliondoka na ujumbe huo saa tatu. Saa tatu na nusu alikuwa sokoni mbele ya meza ya Balbina.

Balbina alikuwa mjane wa miaka arobaini aliyevua mwenyewe na kupiga kasia mwenyewe, na mabega yake yalieleza hivyo. "Dionisi baba," alisema, "nasikia mama yako ana mwalimu. Anafundisha kweli?"

"Sijui. Mama alianza kwa kuinua mara nne, sasa anainua mara tatu."

"Basi anafundisha kinyume."

"Lakini yeye mwenyewe nimemwona akiinua paa la choo akiwa ndani."

Balbina aliacha kufukuza nzi. "Paa zima?"

"Zima. Na salamu akaitikia."

"Leo mama yako anakwenda?"

"Haendi. Leo wala kesho."

Balbina alichagua kambale watatu waliokaushwa vizuri, akawafunga kwenye jani la mgomba. "Wapelekee watoto. Na huo ujumbe wa mama yako usiufikishe."

"Mwalimu si atakuona?"

"Atanionaje? Anayefundishwa ni mkwe wake. Hawezi kuchungulia hata jamvi likiwaka moto."

Dionisi hakuona kosa kwenye hoja hiyo. Alimrudia mama yake, akamwambia, "Mkwe wako anasema kupumzika nako ni zoezi. Siku mbili."

"Zoezi hilo linafanywaje?"

"Kwa kulala."

"Mwambie hilo naliweza."

Ijumaa saa kumi na moja jioni, debe liligongwa mara ishirini na mbili.

Polikarpo aliandika namba hiyo, akaitazama, akaiandika tena. Kutoka mara tatu hadi ishirini na mbili kwa siku moja! Karani wa mizani anayeona gunia likiongezeka uzito mara saba usiku mmoja hukagua mizani. Polikarpo hakukagua. Alidhani ni mafunzo yake.

Alisikia pia harufu ya kambale. Alidhani ni chakula cha jioni.

"Dionisi," alisema kwa furaha, "mwambie mama asimwogope yule Balbina. Balbina ana mikono kama makasia lakini hana akili ya kuitumia."

Nyuma ya jamvi debe liligongwa mara moja, na upande mmoja wa debe ukaingia ndani.

"Amesikia," alisema Dionisi.

Jumamosi Polikarpo alileta gunia la ratili sitini kamili. Mwanafunzi aliinua mara kumi. Polikarpo akaagiza kumi tena, zikaja. Akaagiza gunia lishikwe juu ya kichwa kwa muda wa Baba Yetu tatu, likashikwa. Akaongeza mawe mawili ya mizani. Mwalimu mzoefu angesimama hapo, lakini Polikarpo alikuwa na siku ya nne tu katika ualimu.

"Mwambie kumi za mwisho!"

Debe liligongwa mara moja.

"Mwambie nyingine kumi za mwisho!"

Debe liligongwa mara mbili.

"Mwambie kuchoka ni mawazo!"

Jua lilipozama daftari lilionyesha mara hamsini na moja. Nyuma ya jamvi kulisikika pumzi nzito, kisha miguu ikiburutwa kwenda mtoni. Polikarpo alirudi nyumbani akiimba. Alifagia ua, akaosha kinu na kuweka mchi mpya kando yake.

Jumapili, tarehe 12 Agosti, kwenye Misa ya kwanza, mashahidi watatu walimwona Balbina akifanya ishara ya msalaba kuanzia kitovuni. Mkono haukupanda zaidi ya hapo.

Saa tatu kamili Mama Katarina alisimama mbele ya kanisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye rozari kubwa na subira ndogo. Gunia lilikuwa miguuni pake. Watu wapatao mia mbili walizunguka. Yosefina alisimama kando na sanduku lake la bati kichwani, tayari kwenda nyumbani au Malinyi, kadiri gunia litakavyoamua.

Polikarpo naye alikuwapo, lakini kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa mbele ya watu, alisimama nyuma ya ukuta wa kanisa akitazama shamba la misheni. Ilimbidi afuate mambo kwa masikio.

"Balbina," aliita Mama Katarina, "wewe kwanza."

Balbina aliinama. Mikono ilifika kwenye masikio ya gunia, ikayashika, ikayaachia. Akashika tena. Vidole vilifunguka vyenyewe, kimoja kimoja.

"Vua samaki, mama!" mtu alipiga kelele. "Gunia halina mapezi!"

Mara ya tatu gunia liliondoka chini kwa upana wa kidole, likarudi.

"Inatosha," alisema Mama Katarina. "Klementina."

Mama Klementina alikuwa amelala siku mbili mfululizo, akila wali na kunywa uji. Donda la mwili lilikuwa limekwisha. Alipinda magoti, akanyoosha mgongo, akatoa pumzi, na gunia likaenda begani kama mtoto anayependa kubebwa.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

Kwenye Salamu Maria ya saba goti la kushoto lilitetemeka. Yosefina alifumba macho. Kwenye ya nane goti lilitulia. Mama Katarina, ambaye naye alikuwa na hofu, alipotewa na hesabu akasali ya kumi na moja. Mama Klementina aliisimamia na hiyo.

Vigelegele vilimfikia Polikarpo nyuma ya ukuta. Baada ya dakika mbili wakamfikia wanaume wanne.

"Mwalimu," alisema Nikodemu, seremala, "nifundishe na mimi."

"Unataka kubeba nini?"

"Nataka kubeba tumbo langu. Kwa sasa linanibeba lenyewe."

"Mimi naomba mambo ya mgongo," alisema wa pili.

"Kila mmoja atasikilizwa," alisema Polikarpo, na akavuta mabega nyuma kama mtu wa kwenye picha.

Hapo ndipo Balbina alipozunguka ukuta, mikono ikining'inia, na watu mia mbili nyuma yake.

"Mwalimu gani huyu!" alifoka. "Muuaji! Jioni mbili! Jioni mbili nimekuwa na mwanaume huyu nyuma ya jamvi, mpaka jua linazama, na leo siwezi hata kujifunga kanga!"

Yosefina alishusha sanduku lake taratibu mpaka chini.

"Polikarpo," alisema, "anasema nini huyu?"

"Sijui! Sijawahi kuwa naye popote! Ijumaa na jana nilikuwa namfundisha mama yako."

"Ijumaa na jana mama alikuwa kitandani. Uji nilimpelekea mimi."

Polikarpo alifungua daftari, akalitazama, akalifunga. Namba zote zilikuwa sahihi, isipokuwa jina.

"Basi niliyemfundisha..."

"Ni mimi!" alisema Balbina. "Mwenye mikono kama makasia!"

"Sikumwona, Yosefina! Nilikuwa nimegeuka. Ningemtazamaje, nami nikijua ni mama yako?"

"Una miaka ishirini kwenye mizani. Ukilitazama gunia unajua limepungua ratili moja. Umeshindwa kujua mama yangu na muuza samaki?"

"Nililipata hilo gunia kwa masikio tu."

"Na pua je?"

"Nilisikia kambale. Nilidhani mnapika."

"Mwiteni Dionisi!" watu walisema. "Dionisi anajua!"

Dionisi alionekana mara ya mwisho saa tatu na dakika ishirini na mbili, akivuka daraja la Lumemo kwa mbio, jani la mgomba mkononi.

Yosefina aliinua sanduku. "Mama ameshinda, mama ni mkweli, ningerudi," alisema. "Lakini sirudi kwa mtu asiyejua alikuwa na nani. Naenda Malinyi." Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye lori lililosimama barabarani mbele ya kanisa, akapanda mbele, akafunga mlango.

Mama Klementina alipanda kwa mlango uleule, akamsogeza binti yake katikati. "Shuka."

"Sishuki, mama."

"Nimebeba gunia kwa ajili yako!"

"Umebeba kwa ajili ya Balbina."

Dereva wa lori aliitwa Marselino, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa shingoni. Wiki ile hendeli ya kuwashia injini ilikuwa imempiga teke. Utingo wake alibaki Malinyi na homa. Kwa hiyo kila kituo Marselino aliomba mtu wa kumzungushia hendeli. Siku hiyo wanaume watatu walijaribu, mmoja baada ya mwingine, na hendeli haikuzunguka hata nusu.

"Hapa Ifakara hakuna mwanaume?" aliuliza Marselino.

"Yupo mwalimu wa nguvu!" alisema Nikodemu.

Watu walimgeukia Polikarpo. Wanafunzi wake wanne walimtazama. Aliikaribia hendeli, akasimama mbele ya lori. Juu yake, kwenye dirisha la upande wa dereva, ulitoka uso wa Yosefina.

"Yosefina," alisema kwa sauti ndogo, "nikiwasha hili gari unakwenda."

"Nakwenda."

"Na nisipowasha?"

"Nitajua huna hata hiyo nguvu uliyoniulia mchi. Mtu asiye na nguvu na asiye na mke, atabaki na nini?"

"Basi niambie nifanye lipi!"

"Mwalimu ni wewe."

"Piga, mwalimu!" alipiga kelele Nikodemu. "Au tumbo langu nilipeleke kwa nani?"

Polikarpo alivua shati. Safari hii alilikunja na kumpa mtu. Alipinda magoti, akanyoosha mgongo. "Yosefina," alisema, "nawasha kwa sababu umetaka kwenda. Nitakuja Malinyi kwa miguu."

Yosefina hakuingiza uso ndani.

Kuna jambo ambalo Marselino hakulitaja. Breki ya mkono ya lori lile ilikufa mwaka 1953, na tangu hapo huliegesha kwa kuliacha kwenye giya ya kwanza. Asubuhi hiyo alisahau kuitoa. Mtu wa kawaida hawezi kuzungusha hendeli gari likiwa kwenye giya, na ndiyo sababu wanaume watatu walishindwa.

Polikarpo aliweza.

Mzunguko wa kwanza lori lilisogea inchi nne. Mzunguko wa pili, inchi sita. "Lina uhai!" walisema watu. Mzunguko wa tatu injini ilinguruma, hendeli ikaruka, na lori likaanza kutembea. Ndani yake walikuwamo Yosefina na Mama Klementina. Kwenye kiti cha dereva hakukuwa na mtu. Marselino alikuwa nyuma, akifunga turubai kwa mkono mmoja.

Polikarpo alikuwa na njia mbili, chini ya lori au juu yake. Akarukia bampa, akaangukia boneti, uso ukabanwa kwenye kioo.

Upande wa pili wa kioo, umbali wa shibiri moja, ulikuwa uso wa Mama Klementina.

Wote wawili walifunika nyuso zao kwa mikono. Lori lilikwenda hatua ishirini katika hali hiyo. Marselino alikuwa anakimbia nyuma akitaja watakatifu, na watu mia mbili wakikimbia nyuma ya Marselino.

Mama Klementina ndiye aliyefungua vidole kwanza.

"Mkwe wangu," alisema, "kinachosimamisha hiki kitu ni kipi?"

"Sijui, mama," alisema Polikarpo. "Sijawahi kupanda mbele."

Katika miaka kumi na minne hayo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza.

"Yosefina!" alisema Mama Klementina. "Shika hilo gurudumu!"

"Nalishikaje?"

"Kama ungo!"

Yosefina alisogea kwenye kiti cha dereva, akaushika usukani kwa mikono yote miwili kama anapepeta. Hakuwahi kuendesha chochote. Mbele, hatua sitini kutoka kanisani, kuna njia panda. Barabara ya kulia inakwenda kwenye kivuko na Malinyi. Ya kushoto inakwenda nyumbani kwa Polikarpo, na inaishia hapo.

"Yosefina!" Polikarpo aliita kupitia kioo. "Unakwenda wapi?"

Midomo ya Yosefina ilionekana ikisema neno, lakini injini ililimeza.

Saa tatu na dakika hamsini na moja, lori lilikata kushoto.